Mkono Unaosukuma

Miaka ishirini na tisa baba alishika pointi
pale reli inapogawanyika, Tabora:
njia hii Kigoma, njia ile Mwanza.
Aliinua chuma, ulimi wa reli ukasogea
upana wa vidole vinne tu,
na mamia ya watu, na kuku wao, na magunia yao ya dagaa
wakafika walikokusudia.
"Sijawahi kumpeleka Mwanza mtu wa Uvinza."
Alipenda kusema hivyo akila matobolwa.

Asubuhi moja, Isevya, akifunga kamba ya kiatu,
kiharusi. Hakikupiga hodi.
Kiatu cha kushoto kilibaki wazi mlangoni siku tatu,
hakuna aliyethubutu kukisogeza.

Alirudi kutoka Kitete na mguu wa kuburuta
na maneno machache, mengi ya kazini.
Tukashukuru. Majirani wakaleta asali.
Hatukujua ni nini ambacho hakijarudi.

Msiba wa shemeji yake Mlekwa, kule Cheyo.
Jeneza linatoka, wanawake wameshika vichwa,
na baba, kwenye kiti cha plastiki, anacheka.
Si tabasamu. Kicheko cha tumboni, mabega yanaruka,
mate yanamchuruzika,
na macho yake
yanaomba msaada.
Shangazi Kalunde, mjane, dada yake wa ziwa moja,
alivua kanga ya kichwani akaibwaga chini:
"Sasa tumejua nani kamla."

Mwezi uliofuata, harusi ya Nyanzobe wetu,
baba akalia mpaka ngoma zikakoma.

Daktari alikuwa kijana, kola imechakaa.
Alichora kichwa nyuma ya karatasi ya dawa.
"Huku juu ndiko anakohuzunika. Kuko salama.
Huku chini, karibu na shina la ubongo,
kicheko na kilio wanalala kitanda kimoja.
Mshipa unaoamuru nani aamke, nani alale,
ndio ulioumia.
Huzuni yake inatoka sawasawa.
Usoni ndiko inakopotea."

"Pointi," nikasema.
Daktari hakuelewa.
Baba alielewa. Akacheka, au akalia,
na kwa mara ya kwanza sikumtazama usoni.

Usiku treni ikipiga honi
tumbo langu hukaza kabla sijajua niko macho.
Nina miaka arobaini na moja,
mwili bado unamsubiri atoke zamu.
Nani aliyalaza mataruma haya ndani yangu?
Juzi nilimfokea mwanangu kwa ajili ya kikombe,
kikombe cha bati, hakikuvunjika hata,
nikaiona hasira ikipita, taa zinawaka,
mimi nimesimama kando ya njia,
bendera mkononi,
nimechelewa.

Kwa hiyo sisemi tena baba peke yake ndiye mgonjwa.
Nasema yake imeonekana.

Nilijifunza kumsoma mkono wa kulia.
Akifurahi, anavuta kuelekea kifuani.
Akiumia, anasukuma.
Ilinichukua mvua mbili kulijua hilo,
na nilikosea mara nyingi; niliwahi kumfunika blanketi
akiwa na furaha, nikazima redio akiipenda.

Jumapili shangazi Kalunde alikuja na kapu la michembe.
Hakuomba radhi. Sisi hatuna desturi hiyo.
Alikaa, akasifu kuku, akalaani bei ya sukari,
kisha, akitazama sakafu, akalitaja:
"Arobaini ya Mlekwa ulikosa."

Kicheko kikalipuka.
Kikajaza sebule, kikafika kwa jirani.
Shangazi akashika kapu lake.

"Mkono, shangazi," nikamwambia. "Tazama mkono."

Ulikuwa unasukuma.
Unasukuma chuma ambacho hakipo,
vidole vinne, tena, tena,
mishipa imesimama, na uso wote unacheka.

Aliutazama muda mrefu.
Akaweka kapu chini,
akatia kiganja chake juu ya kile cha baba,
wakasukuma wote wawili.